Ukucha ukizama nyamani: ninavyoutuliza
Mimi ni mlinzi, saa 12 ndani ya buti. La kulia lilinibana, nami nikaongeza kosa: nikazikata pembe za ukucha wa kidole gumba kwa mviringo. Ulipoota, ukaingia nyamani.

Nikitoka lindo nachanganya chumvi kwenye beseni la maji ya uvuguvugu (pima kwa kiwiko, kama unamwogesha mtoto) na kuloweka mguu dakika 15 hadi 20. Narudia mara mbili au tatu kwa siku. Ukucha ukilainika, kausha vizuri, sokota kipande chembamba cha pamba safi, ukipenyeze taratibu chini ya ukingo wake. Kibadilishe kila siku. Kikigoma kuingia, acha! Wembe na pini weka mbali. Mwenzangu alichokonoa, akaja lindoni na kandambili wiki nzima.

Paka mafuta ya mgando, vaa viatu vya wazi. Siku ya kukata, kata mkato ulionyooka, pembe uziache.

Mwenye kisukari asijitibu, aende zahanati. Nawe nenda ukiona usaha, uvimbe wenye joto unaosambaa, au siku chache zikapita bila nafuu.