Jinsi ya kusanifu chombo cha anga za mbali kitakachodumu kwa miongo

Anayesanifu chombo cha kwenda kwenye sayari za mbali, na pengine nje ya himaya ya jua, hana budi kukubali tangu mwanzo kwamba kikishaondoka hakuna fundi atakayekigusa tena. Vifaa vyake vitaharibika. Kazi ya mhandisi ni kuamua mapema ni nini kitakachoweza kuzimwa, kuhamishwa au kuandikwa upya kwa amri ya redio kutoka duniani.

Anza na umeme, kwa kuwa ndio unaopanga umri wa safari. Kwenye Mshtarii mwanga wa jua ni kama sehemu moja ya 25 ya ule tunaoupata duniani. Chombo cha Juno, kilichorushwa mwaka 2011, kimejimudu huko kwa paneli za jua, lakini kila moja kati ya paneli zake tatu ina urefu wa takriban mita 9. Ukitaka kwenda mbali zaidi na kukaa zaidi, tumia joto la plutoniamu-238, metali yenye mionzi inayotoa joto yenyewe. Voyager 1 na Voyager 2, vyombo pacha vya Marekani vya kuchunguza sayari za mbali, ziliondoka mwaka 1977, kila moja ikiwa na umeme wa takriban wati 470. Plutoniamu hiyo hupungua nguvu hadi nusu baada ya miaka 88 hivi, ila umeme hushuka haraka kuliko hapo kwa sababu vipande vinavyogeuza joto kuwa umeme navyo huchakaa. Voyager hupoteza takriban wati 4 kila mwaka. Basi usipige hesabu ya matumizi kwa umeme wa siku ya kurushwa. Pangia mwaka wa mwisho unaoutarajia, kipe kila kifaa swichi yake, na uandike mapema kipi kitazimwa kwanza. Kamera za Voyager 1 zilizimwa mwaka 1990. Mwaka 2019 kilizimwa kipasha joto cha kifaa kimoja cha kupimia cha Voyager 2, nacho kikaendelea kufanya kazi kwenye nyuzi 59 chini ya sifuri, baridi kali kuliko ile kiliyojaribiwa nayo kabla ya safari.

Weka viwili vya kila kifaa cha lazima, lakini usidhani kwamba cha akiba kitakuwa kizima siku utakapokihitaji. Aprili 1978 kipokezi kikuu cha redio cha Voyager 2 kilikufa, na cha akiba kikagundulika kuwa na kapasita (kijisehemu cha saketi kinachohifadhi chaji ya umeme) mbovu, hivyo hakiwezi kufuata masafa ya mawimbi ya redio yanapobadilika. Tangu hapo wahandisi hukokotoa wenyewe masafa ambayo kipokezi kitayasikia, wakizingatia mwendo wa dunia na hata joto la kipokezi chenyewe, ndipo watume amri.

Punguza viungo vinavyosogea. Antena kuu ya Galileo, chombo kilichotumwa Mshtarii, ilisanifiwa ifunguke kama mwavuli, na mwaka 1991 ikagoma. Safari iliokolewa na antena ndogo pamoja na programu mpya za kubana data. Sahani ngumu isiyokunjwa, kama ile ya Voyager yenye kipenyo cha mita 3.7, hula nafasi kwenye roketi, lakini binafsi ningeilipia gharama hiyo bila kusita. Kuhusu mionzi, chagua chipu zinazoistahimili na uzikinge; kompyuta za Juno zimefungiwa ndani ya sanduku la titani.

Penye kuhitaji uangalifu mkubwa zaidi ni kompyuta. Hakikisha programu yote inaweza kusomwa na kuandikwa upya kutoka duniani, kipande kwa kipande, na uache nafasi tupu kwenye kumbukumbu hata kama inaonekana ni ubadhirifu. Novemba 2023 Voyager 1 ilianza kutuma mfululizo uleule wa biti (sifuri na moja za kompyuta) usio na maana. Machi iliyofuata wahandisi walifanikiwa kupata nakala ya kumbukumbu ya kompyuta inayofungasha data, wakaona takriban asilimia 3 yake imeharibika kwa sababu ya chipu moja. Hapakuwa na nafasi moja ya kutosha kuhamishia programu iliyopotea, kwa hiyo waliikata vipande, wakavisambaza penye upenyo, kisha wakarekebisha kila amri iliyorejelea mahali pa zamani. Walituma kipande cha kwanza tarehe 18 Aprili 2024. Ishara ilichukua zaidi ya saa 22 kufika na muda kama huo kurudi, na tarehe 20 wakajua kwamba imekubali.

Uwezo huohuo wa kuandika upya ni hatari mikononi mwa aliyechoka. Mwaka 1982 amri yenye kosa ilikatisha mawasiliano na Viking 1, chombo kilichokuwa kimetua kwenye uso wa Mirihi, nayo haikusikika tena. Julai 2023 kosa la namna hiyo lilipindua antena ya Voyager 2 kwa nyuzi 2 kutoka upande wa dunia. Amri iliyotumwa kwa nguvu kubwa kutoka kituo cha antena cha Canberra, Australia, iliirejesha, lakini hata kama isingeisikia, chombo kilikuwa na ratiba ya kujielekeza chenyewe mara kadhaa kwa mwaka, na zamu iliyofuata ilikuwa tarehe 15 Oktoba. Ratiba ya aina hiyo iwekwe kabla ya kurusha, mahali ambapo amri za kawaida haziwezi kuifuta.