Jinsi ya kupima mwenyewe barafu ya Kilimanjaro kwa picha za satelaiti za bure

Kila mtu anasema barafu ya Kilimanjaro inaisha, mwingine anasema imebaki kidogo sana, mwingine alipanda mwaka juzi anakwambia mbona bado ipo, na wote wana picha kwenye simu. Hii kitu unaweza kuipima mwenyewe ukiwa nyumbani, laptopu na bando vinatosha, na ukiwa makini utapata namba inayokaribiana na za watafiti. Ila kuna kosa moja linaharibu kazi za wengi: kupima theluji ukadhani umepima barafu.

Theluji ni ile iliyoanguka juzi, wiki mbili tatu mbele haipo. Barafu ni ile ya zamani iliyojishindilia, ambayo timu ya mtafiti wa barafu Lonnie Thompson waliitoboa mwaka 2000 wakakadiria kwamba tabaka za chini zina miaka kama 11,700. Ukiangalia kwa juu vyote ni vyeupe tu. NASA walishatoa picha mbili za Kibo (kilele kikuu cha Kilimanjaro), ya Februari 1993 na ya Februari 2000, ya kwanza kilele cheupe kote, ya pili vimebaki vipande, zikasambaa dunia nzima, kumbe sehemu kubwa ya ule weupe wa 1993 ilikuwa theluji ya muda tu. Mwezi ni ule ule na bado zilipotosha! Kwa hiyo kulinganisha mwezi kwa mwezi peke yake hakutoshi.

Cha kufanya, tafuta picha za kiangazi, Januari na Februari mwanzoni au Julai mpaka Septemba, afu ukishapata picha nzuri angalia na zile zilizopigwa wiki mbili tatu kabla yake. Kama weupe unapungua haraka kutoka picha moja kwenda nyingine hiyo bado ni theluji, endelea kusubiri mpaka ukingo utulie. Mi kwa kila mwaka nachukua ile picha yenye weupe mdogo kuliko zote, mana barafu haiwezi kuzidi hapo.

Picha zenyewe ziko kwenye tovuti ya Copernicus Browser, unajisajili bure, unaandika Kilimanjaro, unachagua Sentinel-2 L2A (picha za satelaiti ya Sentinel-2 zilizokwisha kusafishwa athari za hewa). Hizi zinaanzia 2015 na pikseli yake ni mita 10. Satelaiti inapita mida ya saa nne na nusu asubuhi, na hiyo inasaidia kwa sababu mawingu ya Kilimanjaro yanapenda kupanda kuanzia mchana. Ukitaka za miaka ya 80 na 90 nenda tovuti ya EarthExplorer ya USGS (shirika la jiolojia la Marekani), tafuta satelaiti ya Landsat 5, njia (path) 168 safu (row) 62, ndo namba za kipande cha ramani chenye Kilimanjaro, pikseli mita 30. Landsat 7 baada ya Mei 2003 zina michirizi mieusi, ziruke tu.

Sasa jinsi ya kutenganisha weupe wa barafu na weupe wa mawingu. Kuna kipimo kinaitwa NDSI, hesabu yake ni nyepesi: chukua bendi (picha ya aina moja ya mwanga) ya kijani (B3 kwenye Sentinel), toa bendi ya infraredi ya mawimbi mafupi, mwanga usioonekana kwa macho (B11), gawanya kwa jumla yao. Barafu inarudisha sana mwanga wa kijani lakini ile infraredi inaimeza, mawingu yanarudisha vyote viwili. Tuseme pikseli moja ina kijani 0.7 na infraredi 0.1, hapo ni 0.6 gawa 0.8, unapata 0.75, hiyo ni theluji au barafu. Ya pembeni yake ina 0.6 na 0.5, unapata kama 0.09, hilo ni wingu. Mawe ya volkano mara nyingi yanaangukia chini ya sifuri kabisa. Mpaka unaotumika sana ni 0.4, vinavyozidi hapo unavihesabu. B11 pikseli yake ni mita 20 kwa 20, yani mita za mraba 400, hivyo pikseli 2,500 ni kilomita moja ya mraba. Kama unajua QGIS, programu ya bure ya ramani, itakuhesabia, kama hujui chora mpaka kwa mkono humo humo kwenye Copernicus Browser na eneo litatokea kwa kilomita za mraba.

Chora vipande mbali mbali, usichore vyote kwa pamoja: uwanja wa barafu wa kaskazini, wa kusini, na barafu ya Furtwängler iliyo ndani ya kreta (shimo la volkano la kileleni). Kila kimoja kina mwendo wake. Afu chora mara tatu bila kuangalia ulichochora mwanzo, tofauti utakayoiona ndo ukubwa wa makosa yako, iandike pembeni ya namba.

Ya kulinganisha nayo ni hii: mwaka 1912 barafu yote ilikuwa karibu kilomita za mraba 12, mwaka 2011 watafiti walipata 1.76. Lakini eneo halikwambii unene. Furtwängler kati ya 2000 na 2009 ilipungua unene karibu nusu, na hilo kwenye picha ya juu usingeliona vizuri.

Na usikimbilie kuandika kwamba joto ndo limeiyeyusha basi. Kule juu hewa mara nyingi iko chini ya sifuri, barafu nyingi inapotea kwa jua kali na hewa kavu, inageuka mvuke moja kwa moja bila kuwa maji, na theluji mpya ikipungua barafu chafu inabaki wazi inanyonya jua zaidi. Tabianchi imo, ila inaingia pia kupitia mvua na unyevu kutoka Bahari ya Hindi, sio kipimajoto tu. Pia mito ya Kilimanjaro inategemea zaidi mvua na ukungu wa msitu kuliko barafu, inaniuma tunavyolilia kilele huku msitu ukiungua.

Makadirio nayo yasome kwa uangalifu, utafiti wa 2002 ulisema barafu ingeisha kati ya 2015 na 2020, bado ipo, na UNESCO mwaka 2022 wakasema itatoweka ifikapo 2050.

Kama una ndugu au rafiki mpagazi au muongoza watalii, muombe picha za Furtwängler kutoka kambi ya kreta, asimame pale pale, aelekee upande ule ule, GPS ya simu ikiwa imewashwa. Faili zipe majina ya tarehe, mwaka kwanza, mwezi, siku, zitajipanga zenyewe.