Bakteria wa Ngozi ya Chuchu na Utafutaji wa Dawa Mpya za Ugonjwa wa Kiwele

Mfugaji wa Njoro au Molo, nchini Kenya, anapoona mabonge kwenye maziwa, mara nyingi hukimbilia duka la dawa za mifugo, akanunua tyubu ya antibayotiki na kuitia kwenye chuchu bila kipimo chochote. Mazoea hayo huchangia bakteria wa ugonjwa wa kiwele, hasa Staphylococcus aureus, kuwa sugu, na ndiyo maana watafiti wanatafuta dawa mpya hata mahali ambapo mkamuaji hupagusa kila alfajiri: ngozi ya chuchu.

Ngozi hiyo, hata ikioshwa vizuri, haikosi bakteria. Wengi hawana madhara, na kwa kuwa hugombania nafasi na chakula, baadhi hutoa kemikali zinazowaua majirani zao. Miongoni mwa Staphylococcus chromogenes, anayepatikana sana kwenye ncha ya chuchu, wamo wanaomzuia S. aureus asikue. Mtafiti hupangusa ngozi kwa pamba safi, huotesha bakteria aliowapata juu ya jeli iliyopandwa kijidudu cha ugonjwa, kisha hutazama kama duara tupu, yaani mahali ambapo kijidudu hicho kimeshindwa kukua, litajitokeza kulizunguka kundi lolote. Likijitokeza, kazi ndiyo kwanza inaanza, kwa maana kemikali nyingi za namna hiyo huwa zimekwisha kujulikana, au ni sumu kwa mnyama mwenyewe. Mnyama kuwa chanzo cha dawa si jambo geni: bakteria wanaotengeneza antibayotiki ya streptomaisini, iliyogunduliwa Marekani mwaka 1943, walipatikana kwenye udongo na pia kooni mwa kuku.

Dawa hizo zingali maabara, kwa hiyo zilizopo zitunzwe kwa kuukinga ugonjwa kwanza. Kila ng'ombe awe na kitambaa chake, na chuchu zikaushwe kabla ya kukamua, kwani ngozi iliyopasuka humkaribisha S. aureus. Kuzamisha chuchu kwenye dawa baada ya kukamua huua hata baadhi ya bakteria walinzi, lakini kusiachwe. Faida yake ni kubwa kuliko hasara hiyo. Asitokee mtu wa kupaka chuchu maziwa lala akidhani anapanda walinzi.

Ugonjwa ukitokea, sampuli ya maziwa ichukuliwe kabla ya tiba na kupelekwa maabara ya uchunguzi wa mifugo mjini Nakuru, daktari aichague dawa, na dozi imalizwe. Maziwa ya siku zilizoandikwa kwenye kibandiko cha dawa yamwagwe, wala ndama asinyweshwe, kwa sababu mabaki ya dawa huwafanya bakteria wa tumboni mwake kuwa sugu.