Boksi la spea lililokuja na gari la zamani: namna ya kujua kipi ni kipi

Gari la zamani huuzwa na boksi la vyuma ambavyo hata muuzaji havijui. Wengi huanza kwa kuuliza, "Hiki kinaitwaje?" Mimi huanza na swali jingine: je, hiki ni cha gari hili? Ndani ya boksi huchanganyika vilivyofunguliwa kwenye gari lenyewe, spea zilizowekwa akiba, na vya gari jingine kabisa. Ukishavitenga, jina hupatikana kwa urahisi zaidi.

Hatua ya 1: Usisafishe bado

Piga picha kila kipuri pande zote kikiwa na uchafu wake. Rangi ya injini iliyobaki, alama ya gasketi, mng'ao pale washa ilipokaa: vyote vinakuambia kilifungwa wapi. Kisicho na hata mkwaruzo wa spana huenda hakijawahi kutumika. Maboksi ya karatasi yaliyochakaa usiyatupe, ila usiyaamini moja kwa moja. Mafundi wana tabia ya kurudisha kipuri kibovu ndani ya boksi la kipya.

Lainingi za breki, sahani za klachi na gasketi za zamani zinaweza kuwa na asbesto. Usizipulize kwa kompresa wala kuzipiga msasa. Zilowanishe, uzitie kwenye mfuko na kuufunga.

Hatua ya 2: Sumaku na kalipa

Sumaku itakutenganishia chuma na aluminiamu au shaba. Kwa kalipa (kifaa cha kupimia, si ile ya breki) pima kipenyo cha kila tundu na umbali kati ya matundu ya bolti, uandike. Vipimo hivi utavihitaji baadaye.

Hatua ya 3: Soma namba, na ujue ni namba ya nini

Hapa ndipo watu hupotea. Namba iliyotuna juu ya chuma ni ya kalibu, na kalibu moja huweza kutoa vipuri kadhaa vinavyochongwa tofauti. Ukiitafuta kwenye katalogi kana kwamba ni namba ya spea, huenda usipate kitu, au upate kisicho chako. Iliyogongwa ndani ya chuma au kwenye kibati ndiyo mara nyingi yenye maana zaidi.

Volkswagen walipanga vizuri. Chukua 113 905 205: 113 inaelekeza kwenye Beetle, na tarakimu ya kwanza ya kundi la kati, 9, ni umeme. Ingekuwa 1 ni injini, 6 ni magurudumu na breki, 8 ni bodi. Namba hiyo nzima ni ya distributa, kifaa kinachogawa umeme kwa plagi. Kwa Ford za Marekani, C5ZZ husomwa hivi: C ni miaka ya 1960, 5 ni 1965, Z inayofuata ni Mustang. Bosch hutumia tarakimu kumi. Zinazoanza na 0 231 ni distributa, 0 001 ni stata, 0 120 ni alteneta.

Tarehe ni dhahabu. Kifaa cha Lucas, watengenezaji wa vifaa vya umeme vya magari ya Uingereza, kilichogongwa 6 68 ni cha mwaka 1968. Kama gari lilitoka kiwandani 1965, hicho kiliingia baadaye. Kwenye chuma cha General Motors, C 14 8 ni tarehe 14 Machi (C, herufi ya tatu, ni mwezi wa tatu), lakini hiyo 8 inaweza kuwa 1958 au 1968, kwa hiyo tafuta ushahidi mwingine.

Kabureta za SU, za magari mengi ya Uingereza, zilikuwa na kibati kwenye skrubu ya kifuniko cha chemba ya floti. Kibati kikipotea, pima koo (tundu la kupitisha hewa) ujue modeli: HS2 ni milimita 31.75, HS4 ni 38.1, HS6 ni 44.45.

Hatua ya 4: Angalia hesi

Hesi ni mizunguko iliyochongwa kwenye bolti. Bolti ya M8 (ya milimita) na ya UNF (aina ya hesi za inchi) ya 5/16 inchi hufanana machoni: milimita 8 dhidi ya 7.94. Tumia geji ya hesi. M8 ya kawaida ina milimita 1.25 kati ya hesi na hesi. UNF hiyo ina hesi 24 kwa inchi. BSF, hesi za inchi za Kiingereza za zamani, ya ukubwa huo ina 22, na pembe yake ni digrii 55 badala ya 60. Kipuri chenye hesi za inchi, na gari lako lote ni la milimita, kitilie shaka. Usilazimishe bolti.

Hatua ya 5: Kirudishe kwenye gari

Fungua kitabu cha spea chenye michoro, nenda moja kwa moja kwenye sehemu uliyokisia, kisha tafuta kwenye gari tundu lililo wazi lenye vipimo ulivyoandika. Jaribu kwa mkono bila kukaza. Kumbuka vipuri vingi vina cha kushoto na cha kulia.

Kilichothibitika kifungie kibandiko chenye namba na mahali pake. Kilichoshindikana kipige picha kando ya rula, namba zionekane, uwaulize wanaolijua gari hilo. Usitupe chochote mpaka gari liwake, lisimame kwa breki na taa zote zifanye kazi.