Android ya zamani ikianza kugoma: mambo ya kufanya kabla ya kuflashi

Simu nyingi zinazofika mezani kwangu kwa maelezo ya "fundi, sistimu imekufa" hazijafa kitu. Ni Android 5, 6 au 7, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 1, hifadhi ya GB 8, na mwenyewe ameshaambiwa mtaani kwamba dawa yake ni kuflashi, yaani kufuta mfumo wote na kuuweka upya. Mimi kuflashi naiweka mwisho kabisa. Simu ya zamani ukiifuta yote inarudi na programu za mwaka ilipotoka kiwandani: Play Store ya kale, huduma za Google za kale, na ile WhatsApp iliyokuwa ikifanya kazi jana huenda isipatikane tena kirahisi. Kwa hiyo sheria ya kwanza: usiondoe programu yoyote unayoitegemea mpaka ujue utaitoa wapi tena.

Anza kwa kuijua simu yako. Ingia Mipangilio, shuka mpaka Kuhusu simu, soma toleo la Android. Kama ni 4 na nukta yoyote, WhatsApp iliacha kuihudumia tangu Oktoba 2023, na hakuna fundi wa kubadilisha hilo kwa mipangilio. Ibakie ya kupiga, kupokea na redio. Kuanzia 5.0 kwenda juu, endelea kusoma.

Hatua ya 1: Tazama tarehe

Najua inaonekana kama mzaha. Lakini betri iliyochoka ikizimika kabisa, simu nyingi huamka zikiwa na tarehe ya miaka ya nyuma. Kila tovuti salama ina cheti cha kidijitali cha kuthibitisha kwamba ni yenyewe, chenye siku ya kuanza na siku ya kuisha; simu inayodhani tuko 2015 inaviona vyeti vyote vya leo kuwa havijaanza. Ndipo unapoona "Muunganisho wako si wa faragha" kila unapogusa, Play Store inakataa kufunguka, na WhatsApp inakuambia urekebishe saa.

Nenda Mipangilio, Tarehe na saa, washa saa ya mtandao. Ikiendelea kukosea, izime hiyo na uandike mwenyewe siku, mwezi, mwaka na saa, kisha chagua majira ya Afrika Mashariki, GMT+3. Zima simu, iwashe. Ikirudi nyuma tena kila betri inapoisha, tatizo ni betri, na hilo halitibiwi kwa programu.

Hatua ya 2: Tafuta nafasi, na uitafute panapostahili

Hapa ndipo penye ugonjwa mkubwa. Katika GB 8 zilizoandikwa kwenye boksi, mfumo wenyewe unakula karibu nusu. Zilizobaki zinagombewa na programu na WhatsApp, hasa kama uko kwenye magrupu ya harusi, ya send-off, ya ukoo na ya mtaa, kila moja likimwaga video. Nafasi ikikaribia sifuri simu haisemi "nimejaa" peke yake. Inaganda, programu zinajifunga zenyewe, masasisho yanakwama katikati, hata kamera inakataa kupiga. Watu wanaita virusi.

Fungua kidhibiti faili, ingia folda ya WhatsApp, halafu Media. Pita sehemu hizi:

- Ndani ya folda za picha na za video kuna folda iitwayo Sent. Ni nakala za vitu ulivyowatumia watu. Picha uliyoipiga mwenyewe bado ipo kwenye kamera, hiyo ni nakala ya pili. Kwa simu ya GB 8 mara nyingi mzigo wenyewe uko hapa.
- Folda ya Databases (haimo ndani ya Media; rudi nyuma kwenye folda ya WhatsApp) ina nakala rudufu za mazungumzo za siku kadhaa zilizopita. Ibakize ya karibuni, ile isiyo na tarehe kwenye jina lake, zenye tarehe uzifute.
- Video za magrupu: hamishia kwenye memori kadi au kompyuta kabla ya kufuta, maana ukishafuta hazirudi.

Kisha ndani ya WhatsApp yenyewe nenda Mipangilio, Hifadhi na data, uzime upakuaji wa moja kwa moja wa video, ukitumia bando na hata ukiwa kwenye Wi-Fi. Usipozima, wiki ijayo utakuwa hapa tena.

Programu zinazoitwa za kusafisha simu na kuongeza kasi, ziache. Zinakula RAM ileile zinayodai kuiokoa na kukujazia matangazo. Lengo lako ni nafasi wazi ya GB 1. Chini ya nusu yake usitegemee Play Store ikusasishie kitu.

Hatua ya 3: Play Store na huduma za Google

Ukishapata nafasi, ingia Mipangilio, Programu, tafuta Google Play Store, ingia Hifadhi, futa akiba. Fanya hivyohivyo kwa Huduma za Google Play. Tofautisha kufuta akiba na kufuta data: akiba ni vipande vya muda, data ni akaunti na mipangilio yako. Kwenye WhatsApp usiguse kufuta data kamwe kama hujahifadhi nakala ya mazungumzo.

Play Store ikiendelea kujifunga, rudi hapohapo, gusa vitone vitatu juu, uondoe masasisho yake. Itarudi ya kiwandani, na ukiiacha kwenye intaneti itajisasisha yenyewe. Hii ni programu pekee ninayoirudisha nyuma bila wasiwasi.

Hatua ya 4: Programu nyingi zikijifunga kwa wakati mmoja

Programu moja ikijifunga, ina kasoro yake. Zikijifunga tano kwa pamoja, ya benki, ya habari, ya barua pepe, tazama kitu kiitwacho Android System WebView. Ndicho programu nyingi hukitumia kuonyesha kurasa za intaneti ndani yake. Machi 2021 sasisho bovu la WebView liliangusha programu kwenye simu za Android dunia nzima, na dawa ilikuwa kuondoa sasisho hilo au kuweka lililofuata. Kwenye Android 5 na 6 WebView ni programu ya peke yake. Kwenye 7 hadi 9 kazi hiyo kwa kawaida inafanywa na Chrome. Isasishe kwanza. Ikishindikana, ondoa masasisho, washa simu upya, isasishe tena.

Hatua ya 5: Tovuti zinazokataa ingawa tarehe ni sahihi

Tarehe iko sawa, nafasi ipo, lakini tovuti fulani bado zinakuambia si salama. Tovuti nyingi sana duniani zinatumia vyeti vya bure vya taasisi iitwayo Let's Encrypt, na cheti mama chake kinachothibitisha hivyo vingine, ISRG Root X1, hakimo ndani ya Android zilizotangulia 7.1.1. Kulikuwa na mpango wa kuzibeba simu hizo kwa kutumia cheti cha taasisi nyingine, ukaisha Septemba 2024.

Njia rahisi ni Firefox, kwa sababu inabeba orodha yake ya vyeti na haitegemei ya simu. Play Store isipokupa, matoleo ya zamani yapo kwenye hazina ya Mozilla wenyewe, archive.mozilla.org.

Njia ya pili ni kuweka cheti hicho mwenyewe. Kipakue kwenye simu nyingine kutoka letsencrypt.org, kihamishie kwa memori kadi au Bluetooth, kisha Mipangilio, Usalama, Sakinisha kutoka kwenye hifadhi. Simu itakulazimisha uweke namba ya siri ya skrini, na baadaye itakuonya kwamba mtandao wako huenda unafuatiliwa. Onyo hilo hutokea kwa cheti chochote kilichoongezwa kwa mkono. Kwenye Android 5 na 6 kitasaidia programu karibu zote, kuanzia 7.0 programu nyingi hazikubali vyeti vilivyoongezwa na mtumiaji, kitasaidia Chrome tu. Cheti ulichotumiwa na mtu kwenye grupu usikiweke hata kama ni shemeji yako.

Opera Mini nayo inafungua mengi na kubana bando, lakini katika hali yake ya kubana zaidi kurasa zinapitia kwenye seva za Opera. Soma habari humo. Namba za siri za pesa usiandike.

Kuhusu pesa

Programu ya benki au ya M-Pesa ikikataa Android yako, usitafute toleo lililochezewa. Menyu ya namba haijali Android: *150*00# kwa M-Pesa ya Vodacom Tanzania, *334# kwa Safaricom Kenya. Haihitaji hata bando. Vilevile usiweke WhatsApp zilizochezewa, kama GB WhatsApp na ndugu zake: WhatsApp hufungia akaunti zinazotumia hizo, na aliyezitengeneza humjui.

Simu ikiwa nzito tu

Kuhusu simu, gusa Nambari ya muundo mara saba, rudi Mipangilio, ingia Chaguo za wasanidi programu, weka vipimo vyote vitatu vya uhuishaji (mijongeo ya skrini) kuwa zima. RAM haiongezeki, ila utaona simu inaitika upesi.

Yote yakishindikana

Sasa ndiyo ufute. Hifadhi mazungumzo na namba za simu kwenye akaunti ya Google, na uhakikishe unaikumbuka nywila yake kwa kuingia kwenye simu nyingine. Halafu ondoa akaunti hiyo kwenye simu, na ufutie ndani ya Mipangilio, si kwa kubana vitufe. Tangu Android 5.1, simu iliyofutwa kwa vitufe huku akaunti ikiwa ndani hudai akaunti ileile ikiwaka, na wengi wa wanaoniletea simu iliyojifunga hivyo barua pepe walifunguliwa na muuza duka siku waliponunua.