Kuitayarisha sola ya nyumbani kabla ya mawingu ya Juni

Kwa mwenye nyumba anayeishi kwenye miteremko ya Meru au Kilimanjaro, mara nyingi mtihani mkubwa wa mfumo wa sola hauji wakati wa masika, bali huja baada yake. Mvua za Machi hadi Mei hunyesha kwa nguvu, lakini baina ya mvua na mvua jua huchungulia, tena huikuta paneli imeoshwa. Kuanzia Juni hadi Agosti hali hugeuka: mawingu mazito hutanda asubuhi nzima, siku nyingine mpaka jioni, huku baridi ikiwaingiza watu ndani mapema, wakawasha taa mapema na kutaka maji ya moto. Uzalishaji hushuka katika majuma yaleyale ambayo matumizi hupanda. Ndiyo maana kazi nyingi zinazoelezwa hapa zinafaa kufanyika mwezi Mei, mvua zikianza kupungua, ili mfumo uingie kwenye baridi ukiwa mzima.

Juu ya paa

Anza na kivuli, kwa kuwa mara nyingi huiba umeme mwingi kuliko vumbi, na mtu aliye chini hakioni. Paneli ndogo ya volti 12 kwa kawaida ina seli 36 zilizofungwa kwa mfuatano, mkondo ukipita katika moja ndipo uingie katika nyingine. Kwa hiyo tawi linaloziba seli chache tu linaweza kuondoa nusu ya umeme wa paneli nzima. Tazama paa saa tatu asubuhi, saa sita mchana na saa tisa alasiri, ukikumbuka kwamba hapa jua halikai upande mmoja mwaka mzima. Arusha na Moshi ziko kama nyuzi 3.4 kusini mwa ikweta. Kabla kidogo ya katikati ya Machi, na tena siku za mwanzo za Oktoba, jua la saa sita hupita utosini. Juni huegemea kaskazini kwa takriban nyuzi 27, na Desemba huegemea kusini kwa nyuzi 20. Maana yake ni kwamba mgrivea uliopandwa upande wa kaskazini wa nyumba, ambao Desemba hauna madhara yoyote, unaweza kuitia paneli kivulini Juni, mwezi ambao kila mwanga unahitajika. Matawi ya namna hiyo yakatwe Mei. Migomba iangaliwe kila mwezi, maana jani ambalo juzi lilikuwa chini ya bati leo liko juu yake.

Hesabu hiyohiyo ya jua ndiyo inayoamua paneli ielekee wapi. Kwa kuwa miezi dhaifu ni ile ambayo jua liko kaskazini, paneli ielekezwe kaskazini kwa mwinamo wa nyuzi 10 hadi 15. Mwinamo mkali zaidi hauna faida, kwa sababu mawingu hutawanya mwanga ukatoka pande zote za anga, na paneli iliyosimama sana huipa mgongo sehemu kubwa ya anga hiyo. Chini ya nyuzi 10 nako si kuzuri: maji hayatiririki vizuri, na tope hubaki kwenye ukingo wa chini wa fremu, juu ya safu ya mwisho ya seli.

Paneli isilazwe juu ya bati moja kwa moja. Nguvu zinazoandikwa nyuma ya paneli hupimwa seli zikiwa na joto la nyuzi 25, na kila nyuzi moja inayoongezeka huondoa takriban asilimia 0.3 hadi 0.4 ya umeme. Moshi mjini, katika joto la Januari na Februari, si ajabu seli kufika nyuzi 65, na hapo kiasi cha asilimia 12 hadi 16 huwa kimepotea. Nafasi ya sentimita 10 hadi 15 kati ya bati na paneli, iliyoachwa wazi juu na chini ili upepo upite, hupunguza hasara hiyo bila gharama ya kila mwezi.

Kuhusu kuosha, wakazi wa Kisongo, karibu na Arusha, na wa mitaa iliyo kando ya barabara za vumbi waoshe kila baada ya wiki mbili wakati wa kiangazi. Penye nyasi na lami, mara moja kwa mwezi inatosha. Mvua huondoa vumbi lakini haiondoi kinyesi cha ndege, wala maua ya mjakaranda yaliyokaukia kwenye kioo. Osha alfajiri au jioni, kioo kikiwa kimepoa, kwa sababu maji baridi juu ya kioo kilichochomwa na jua la mchana yanaweza kukipasua. Tumia sponji au kitambaa laini na maji mengi. Kinyesi kigumu kilowekwe kwanza kwa kitambaa chenye maji, kisikwanguliwe kwa kisu wala kwa steelwire ya jikoni. Jambo ambalo halisemwi vya kutosha ni aina ya maji. Maji mengi ya visima na chemchemi katika miteremko ya Meru yana chumvichumvi nyingi na floridi, na yakikaukia kwenye kioo huacha madoa meupe ambayo baada ya miezi huwa utando. Maji ya mvua yaliyokingwa kutoka kwenye bati ndiyo bora. Yakikosekana, futa kioo kikauke kabla jua halijakipata.

Anayepanda paani apande bati likiwa kavu, ngazi ikiwa imeshikwa na mtu wa pili, na akanyage penye misumari, yaani juu ya mbao za kenchi. Akumbuke pia kwamba paneli haina swichi: maadamu kuna mwanga, nyaya zake zina umeme. Anayetaka kugusa viungo vya nyaya aifunike kwanza kwa blanketi zito.

Nyaya na kontrola

Katika mifumo ya volti 12 waya mwembamba ni mwizi asiyeonekana. Mkondo wa ampea 10 ukisafiri mita 10 kutoka kwenye paneli hadi kwenye kontrola, kifaa kinachosimamia chaji ya betri, kwa waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5, volti 1.4 hivi hupotea njiani, kwa kuhesabu kwenda na kurudi, nayo ni zaidi ya asilimia 10 ya volti zote. Kwa waya wa milimita 6 hasara hushuka hadi volti 0.6. Kwa hiyo, kabla ya kununua paneli ya pili, mwulize fundi unene wa waya uliopo. Viungo vilivyosokotwa na kuzungushiwa gundi ya nailoni vibadilishwe kwa konekta, na kila mwaka skrubu za kontrola zikazwe, kwani hulegea kwa kupashwa joto na kupoa. Ukikaza, tenganisha nyaya za paneli kwanza kisha za betri. Ukirudisha, betri itangulie, paneli ifuate. Kontrola nyingi huisoma betri ili zijue zinafanya kazi katika volti ngapi, na paneli ikitangulia zinaweza kuungua.

Betri

Betri ndiyo sehemu inayokufa mapema, na mara nyingi huuawa na mwenye nyumba. Betri ya asidi yenye maandishi ya volti 12 na ampea-saa 100 ina uniti 1.2, yaani wati-saa 1,200, lakini zinazofaa kutumiwa ni nusu tu, yaani wati-saa 600. Ikizoea kushushwa chini ya hapo, au ikiachwa siku kadhaa bila kujazwa, sahani zake za risasi hufunikwa na fuwele ngumu za salfati ambazo chaji haiziyeyushi tena. Huo ndio ugonjwa wa Julai: wiki ya mawingu, televisheni ikiendelea kama kawaida, kontrola ikikata kila usiku, na kufika Septemba betri iliyogharimu fedha nyingi haiwezi kuwasha taa hadi saa nne.

Ipime kwa multimita alfajiri, kabla jua halijapanda, vyombo vyote vikiwa vimezimwa kwa angalau nusu saa. Volti 12.7 zinaonyesha kwamba imejaa, 12.2 kwamba imefika nusu, na 11.9 kwamba imebakiza kidogo sana. Ukiona 12.2 asubuhi mbili mfululizo, punguza matumizi usiku huohuo. Usisubiri kontrola ikukatie.

Betri za kuongezwa maji zifunguliwe kila mwezi, zikiwa zimeshachajiwa, na maji yafunike sahani bila kufurika. Hapa pana mtego wa lugha ya dukani: baadhi ya wauzaji wa vipuri huita asidi yenyewe maji ya betri, nayo haitakiwi kuongezwa kwenye betri inayotumika. Omba maji safi yasiyo na asidi wala chumvi, usome na chupa. Maji ya bomba yasitumike kabisa. Ukoga mweupe au wa kijani kwenye temino, yaani vichwa vya betri vinavyofungwa nyaya, husafishwa kwa magadi yaliyoyeyushwa katika maji, vizibo vikiwa vimefungwa ili hata tone lisiingie ndani, kisha temino hupakwa vaselini. Betri inapochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni, ambayo hulipuka. Ikae penye hewa, mbali na jiko la mkaa na kibatari, na si chini ya kitanda. Betri za gari hazifai kazi hii, kwa kuwa sahani zake ni nyembamba, zimetengenezwa kutoa nguvu kubwa kwa sekunde chache tu. Za lithiamu huvumilia kutumiwa asilimia 80 ya umeme wake na hazihitaji maji, ila zinataka kontrola iliyopangwa kwa aina yake.

Matumizi

Chukua nyumba yenye paneli ya wati 200. Siku nzuri yenye saa tano za jua kamili hutoa wati-saa 1,000, na baada ya hasara za joto, nyaya na betri zinabaki kama 700. Siku ya mawingu yenye sawa na saa tatu za jua hubakiza 420. Sasa hesabu upande wa pili: taa sita za LED za wati 7 kwa saa tano ni 210, televisheni ya wati 40 kwa saa nne ni 160, simu, tuseme 40, na king'amuzi cha wati 12 kisichozimwa usiku wala mchana ni 288. Jumla ni 698. Nyumba hii haioni tatizo lolote mwezi Februari, na Julai inaanguka. King'amuzi kikizimwa ukutani pamoja na televisheni, matumizi yake hushuka hadi 48, na jumla inakuwa 458. Zikizimwa taa mbili zinazowaka vyumba visivyo na mtu, inabaki 388, na nyumba imevuka mwezi wa baridi bila kununua chochote.

Hesabu hiyo ni ya vyombo vinavyotumia volti 12 moja kwa moja. Inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa TANESCO, ikiingia kati, nayo ina tumbo lake: inveta inayokula wati 15 ikiwa haijabeba chochote humaliza wati-saa 360 kwa siku, karibu umeme wote wa siku ya mawingu. Iwashwe inapotakiwa na kuzimwa kazi ikiisha. Umeme wake usichanganywe kamwe na nyaya za TANESCO bila swichi maalumu ya kubadilishia, kwa sababu fundi wa laini anaweza kufa kwenye nguzo akidhani umeme umekatika.

Nyumba yenye LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla, pia ina sababu ya kuhesabu hivi. Kwa bei zilizopangwa mwaka 2016, kabla ya kodi na tozo, mteja wa kundi la D1, la watumiaji wadogo wa nyumbani, alilipa shilingi 100 kwa kila uniti hadi uniti 75 kwa mwezi, na shilingi 350 kwa kila inayozidi; kundi la T1, la matumizi ya kawaida, lililipa 292. Kinachomtoa mtu kwenye uniti 75 si taa. Ni hita ya bafuni: ya wati 4,500, ikitumiwa dakika 10 na kila mmoja wa watu watano, hula uniti 3.75 kwa siku, sawa na zaidi ya 112 kwa mwezi. Kupasha ndoo ya lita 15 kutoka nyuzi 18 hadi 40 huhitaji uniti 0.4 hivi, yaani karibu nusu ya uniti 0.75 anazotumia mtu mmoja kwa hita hiyo. Hita ya maji ya jua hupunguza zaidi, ingawa katika baridi itahitaji kusaidiwa. Friji isisimame karibu na jiko, na mpira wa mlango wake ujaribiwe kwa noti: ukifunga mlango na noti ikachomoka bila kukazwa, baridi inavuja. Pasi ya wati 1,000 ipangiwe siku moja ya nguo zote, badala ya shati moja kila asubuhi.

Baada ya hayo yote, mtu akiona bado umeme haumtoshi, aongeze paneli kabla ya kuongeza betri. Paneli ya pili hujaza betri iliyopo hata siku ya mawingu, mradi kontrola inamudu ampea zake. Betri ya pili bila paneli hugawana chaji ileile haba, na zote mbili zikaishia nusu. Betri mpya nayo isifungwe sambamba na ya zamani, kwa sababu ile iliyochoka huivuta nzima chini. Kama ya zamani imeshindwa kipimo cha alfajiri, ibadilishwe yote, na iliyokufa ipelekwe kwa wanunuzi wa betri chakavu ikiwa na asidi yake ndani, isimwagwe shambani.