Mashua ya magharibi mikokoni: mambo ya kuzingatia kabla ya kushuka majini

Wanaopanga safari fupi ya mashua kuangalia jua likizama kwenye ardhioevu ya pwani huanza kwa kuuliza jua linazama saa ngapi. Hilo ni swali la pili. La kwanza ni hili: saa hiyo maji yatakuwa wapi? Jua huzama kila jioni, lakini maji hayajai kila jioni, na hori, yaani mkono wa bahari unaoingia nchi kavu, lililofurika magharibi ya leo linaweza kuwa matope matupu magharibi ya wiki ijayo. Ukikosea saa ya jua utakosa picha. Ukikosea saa ya maji utapwelewa, na giza likukute umekaa juu ya tope, mbu wamekuzunguka.

Katika sehemu nyingi za dunia maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili ndani ya saa 24 na dakika 50 hivi. Kwa hiyo kila siku saa ya kujaa husogea mbele kwa takriban dakika 50, na baada ya juma moja saa iliyokuwa ya kujaa huwa ya kupwa. Maji ya bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, au siku moja mbili baadaye. Hapo maji hupanda sana, hutoka sana, na mkondo huwa mkali. Maji mafu huja mwezi ukiwa nusu, na tofauti ya kujaa na kupwa huwa ndogo. Jambo ambalo wengi hawalitambui ni kwamba kwa mahali pamoja bamvua hujaa karibu saa zilezile mwezi baada ya mwezi. Pakiwa na mahali ambapo bamvua hujaa adhuhuri na usiku wa manane, ujue magharibi ya siku hizo maji yametoka kabisa. Huko usiende kwa kuvutwa na mwezi mpevu. Ngoja maji mafu, ndiyo yatakayojaa jioni.

Siku bora ni ile ambayo kilele cha kujaa huangukia kati ya nusu saa na saa moja baada ya jua kuzama. Unaingia maji yakipanda, na ukigusa fungu la mchanga unasubiri dakika chache tu maji yakunyanyue. Unageuka maji yakikaribia kusimama, na unatoka hori likiwa bado na kina. Kinyume chake ni hatari. Chombo kikikwama saa moja baada ya kilele, maji yakiwa yanatoka, kimo kilekile hakitarudi mpaka saa moja kabla ya kilele kinachofuata, yaani zaidi ya saa 10 baadaye. Kikikwama saa mbili kabla ya maji kufika chini kabisa, kitasubiri saa 4 hivi. Nahodha anayekuambia "tutapita tu" wakati maji yanatoka anaweza kuwa anabahatisha. Muulize sehemu yenye maji machache zaidi njiani ina kina gani na chombo chake kinazama kiasi gani majini.

Maji pia hayatoki kwa mwendo mmoja. Wanamaji hugawa kimo chote katika mafungu 12: saa ya kwanza baada ya kilele hutoka fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, na ya sita 1. Tofauti ya kujaa na kupwa ikiwa mita 3, ndani ya saa ya tatu peke yake maji hushuka sentimita 75. Ndiyo maana njia iliyokuwa salama wakati wa kwenda huonekana kama imefungwa ghafla wakati wa kurudi. Hesabu hii ni ya makadirio, na hori lenye mdomo mwembamba huwa na tabia zake. Kumbuka pia kwamba jedwali la maji huandikwa kwa bandari fulani, na ndani kabisa ya hori kujaa huchelewa. Wavuvi wa pale wanajua huchelewa kwa kiasi gani, kwa hiyo waulize. Halafu waulize jambo linalosahaulika zaidi: saa ya kurudi, gati litakuwa na maji? Kuna magati ambayo maji yakitoka huacha tope la mita 50 kati ya ngazi na mahali mashua inapoweza kuelea.

Sasa jua. Saa iliyoandikwa kwenye simu ni ya upeo wa macho ulio wazi, kama bahari kuu. Ndani ya mikoko hakuna upeo wa namna hiyo. Chukua miti ya mita 8, nawe umeketi mashuani mita 15 kutoka kwenye miti hiyo upande wa magharibi: karibu na ikweta jua litafichika nyuma ya majani zaidi ya saa moja na nusu kabla ya kuzama kwake. Ukisogea mpaka mita 100, utalipoteza robo saa tu kabla. Kwa hiyo tafuta sehemu pana, au kipande cha hori kinachoelekea magharibi moja kwa moja, na uwe umefika hapo nusu saa kabla ya jua kuzama. Vijito vyembamba vyenye kivuli vipite mapema, wakati bado unaona mizizi na vigogo vilivyozama. Na usiondoke mara jua linapotoweka. Rangi nzito za mawingu mara nyingi huja dakika 10 hadi 15 baadaye, na hizo ndizo dakika za kuzima mashine na kunyamaza.

Baada ya hapo giza halina subira. Karibu na ikweta mwanga wa kutosha kuona njia bila taa hudumu dakika 20 na kitu tu baada ya jua kuzama, na chini ya miti hupungua kabla ya hapo. Mbali na ikweta mwanga hukaa zaidi. Panga kwa kurudi nyuma: tuseme jua linazama saa 12:20 jioni na kurudi gatini ni dakika 40. Ukigeuka saa 12:35, robo tatu hivi ya njia itakuwa gizani. Ama punguza umbali, ama ukubali kutembea na taa na ujiandae kwa hilo. Saa ya kugeuka itangazwe kabla ya kung'oa nanga, kila abiria aisikie, maana mwanga ukiwa mzuri kila mtu huomba dakika tano zaidi.

Chombo chenyewe kikague kikiwa gatini na watu wote wameshapanda. Tazama ubavu uliobaki juu ya maji. Ukiwa chini ya sentimita 30, tungepunguza watu bila kubishana, kwa sababu wimbi la mashua inayopita linatosha kuingiza ndoo kadhaa. Mashua nyingi ndogo hazipinduliwi na tufani. Hupinduliwa na abiria wanaosimama wote upande mmoja kupiga picha ya ndege. Wagawe kwa uzito, wazito katikati na chini, na mtu akitaka kuhama asogee mmoja mmoja huku amejishika. Kuwe na upo au kopo la kutolea maji mashuani lililofungwa kwa kamba, maana lisilofungwa huelea likaenda zake siku linapohitajika.

Mashine ya nyuma hupata shida zake mikokoni kwa sababu tatu: tope, mizizi na uzembe wa mafuta. Ikiwaka, tazama ule mchirizi wa maji unaotoka pembeni mwake. Ukikatika, tope limeziba njia ya maji ya kupoza, na mashine itaungua ndani ya dakika chache. Zima, zibua, ndipo uwashe tena. Kwenye maji ya magoti inyanyue kidogo na uende polepole. Rafadha, ile feni inayosukuma maji, ikinasa kamba ya nyavu au mzizi, zima kabisa kabla ya mtu kupeleka mkono. Mafuta yagawe mafungu matatu: moja la kwendea, moja la kurudia, moja lisiguswe. Kamba ya kuzimia mashine ifungwe mguuni au mkononi mwa mwendeshaji, si kuning'inizwa kwenye usukani. Hata mashine ikiwa mpya, beba makasia mawili na upondo, ule mti mrefu wa kusukumia chombo. Ndani ya hori upondo hufaa kuliko kasia, kwa kuwa unapima kina, unasukuma kwenye kona na unakunasua kwenye tope. Nanga iwe na kamba ndefu angalau mara tano ya kina. Kamba fupi huinua nanga badala ya kuikita.

Jaketi la kujiokolea livaliwe tangu gatini, lisiwe mto wa kukalia. Kulikalia mara kwa mara hubana sifongo yake na kupunguza uwezo wake wa kuelea. Soma kibandiko, kinachotaja nguvu ya kukuelesha kwa kipimo cha niutoni: niutoni 50 ni msaada kwa mtu anayejua kuogelea na aliye karibu na ufuko, asiyejua kuogelea avae la 100 au zaidi. La mtoto lichaguliwe kwa uzito wake wa kilo na liwe na mkanda wa kupita katikati ya miguu. Jaribu hivi: mvalishe, funga vifungo vyote, kisha mnyanyue kwa kushika mabega ya jaketi. Likipanda hadi masikioni, ni kubwa mno, na majini litamvuka. Kila jaketi liwe na filimbi, kwani gizani sauti ya mtu haifiki mbali kama filimbi. Mashua ikipinduka, kaeni nayo. Inaonekana kirahisi kuliko kichwa cha mtu, na ufuko wa mikoko unaoonekana karibu ni tope na mizizi tu.

Taa ziwe mbili au zaidi, na betri zilizojazwa siku hiyohiyo. Kanuni za kimataifa za kuzuia vyombo kugongana baharini za mwaka 1972 zinataka hata mtumbwi wa makasia uwe na tochi ya mwanga mweupe tayari kuonyeshwa mapema. Chombo cha mashine kisichofikia mita 12 huhitaji taa nyeupe inayoonekana pande zote, pamoja na nyekundu kushoto na kijani kulia. Ndani ya mashua tumieni mwanga mwekundu hafifu. Macho huhitaji dakika 20 hadi 30 kuzoea giza, na skrini moja ya simu iliyowashwa mbele ya nahodha hufuta mazoea hayo mara moja.

Mbu na usubi huamka saa hiyohiyo mnayoifuata, hasa upepo ukitulia. Usubi wa mikokoni ni mdogo kiasi cha kupenya chandarua cha kawaida, kwa hiyo tegemea nguo ndefu za rangi isiyo nzito, soksi, na dawa ya kupaka ya kufukuza wadudu, yenye kemikali ya DEET asilimia 20 hadi 30 au ya pikaridini asilimia 20. Paka nusu saa kabla ya jua kuzama. Kama umepaka pia mafuta ya kukinga jua, hayo yatangulie na dawa ije juu yake. DEET huyeyusha aina fulani za plastiki, basi futa viganja kabla ya kushika kamera au miwani. Mtoto wa chini ya miezi miwili asipakwe. Afadhali asiende safari hii.

Viatu viwe vya kufunika vidole na vyenye soli nene, vikazwe kwa kamba au mkanda, maana ndara hubaki kwenye tope na mguu ukatoka. Chaza walioshika kwenye mizizi hukata kama wembe, na jeraha la maji ya chumvi ya vuguvugu linaweza kupata maambukizi mabaya, hasa kwa mwenye kisukari au ugonjwa wa ini. Lioshe kwa maji safi mengi palepale, na likivimba au kuuma kupita kiasi nenda hospitali bila kungoja kesho. Mtu akizama kwenye tope asivute mguu kwa nguvu. Aegemee nyuma, atandaze uzito, azungushe mguu taratibu mpaka maji yaingie pembeni yake. Panapojulikana kuwa na mamba, mkono hautiwi majini hata kwa kunawa.

Hali ya hewa iangalie asubuhi na tena saa moja kabla. Ngurumo ikisikika, usiondoke; hesabu dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho ndipo ufikirie tena. Kwenye mdomo wa hori, upepo unaokuja kinyume na mkondo huinua mawimbi mafupi yaliyosimama wima, mabaya kwa chombo kidogo kuliko mawimbi makubwa ya bahari. Hilo hutokea hasa maji yanapotoka na upepo unapovuma kutoka baharini.

Ndege wanaorudi kulala, yangeyange na kwarara kwa mamia, ndio uzuri mkubwa wa saa hii, na ndio wanaoumia zaidi kwa haraka yetu. Ukiwafukuza kwenye mti wao giza likiingia, hupoteza nguvu za kutafuta mwingine. Zima mashine mbali, acha mkondo ukusogeze, na mara wanapoinua shingo na kuacha kujitengeneza manyoya, umeshakaribia vya kutosha. Usiwapige picha kwa flashi, wala kuwapigia makofi waruke.

Kabla ya kuondoka mwachie mtu wa nchi kavu mambo manne kwa maandishi: mko wangapi, mnapita njia gani, mtarudi saa ngapi, na saa ngapi aanze kuomba msaada. Simu ziwe kwenye mfuko usiopitisha maji, mkijua kwamba ndani ya mikoko mtandao hukatika. Chombo kikiwa na redio ya VHF, chaneli 16 ndiyo ya dharura. Mkifika gatini abiria wakae mpaka kamba zote mbili zifungwe, washuke mmoja mmoja, wahesabiwe. Kisha mpigie yule wa nchi kavu umwambie mmerudi, kabla hajatuma watu gizani kuwatafuta.